Kutoa Bushi Kuukuu Bila Kuharibu Amu

Bushi kuukuu ikishatoka inatupwa, na hakuna anayejali imetoka vipande vingapi. Kinachobaki garini ni amu, na kwenye amu kuna tundu ambamo bushi mpya itakaa kwa kubanwa tu, bila gundi wala skrubu. Tundu hilo likichanika, likipinda au likitanuka hata kidogo, bushi mpya ya bei yoyote itaanza kucheza baada ya muda mfupi, nawe utaambiwa umeuziwa feki. Ndiyo maana mwongozo huu unahangaika zaidi na tundu kuliko na bushi yenyewe.

Tutachukua amu za chini za mbele za gari dogo linalovuta kwa tairi za mbele, kama Corolla na ndugu zake, kwa sababu ndizo zinazowasumbua wengi. Ukiielewa amu hiyo, hata bushi za springi za pikapu hutashindwa.

Ndani ya bushi kuna nini

Bushi ya amu kwa kawaida ina tabaka tatu. Katikati kuna bomba dogo la chuma ambamo bolti inapita. Linazungukwa na raba nene. Nje ya raba kuna ganda jembamba la chuma, mara nyingi la milimita 2 hivi, na ganda hilo ndilo lililoshindiliwa ndani ya tundu la amu. Raba imegandishwa kiwandani kwenye vyuma vyote viwili. Bolti ikikazwa, bomba la ndani halizunguki tena. Amu inapopanda na kushuka, ni raba inayojipinda na kurudi.

Raba hiyo huzeeka hata gari likiwa limeegeshwa. Joto na hewa huikausha na kuipasua, na oili ya injini inayovuja huivimbisha na kuilainisha. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, na Tanzania hutoza ushuru zaidi kwa magari makuukuu, lakini hata gari la miaka 7 kutoka Japani limekuja na raba ya miaka 7. Likipata barabara ya vumbi yenye mikunjo kama bati, halichukui muda kuanza kugonga.

Kinachoifanya bushi igome kutoka ni kutu. Kati ya ganda la nje na tundu la amu maji hupenya taratibu, kutu inavimba, na vyuma viwili vinashikana kama kimoja. Gari lililoishi Hokkaido huko Japani, ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji, au lililokaa miaka mingi Tanga, Mombasa au Kigamboni, jiandae nalo zaidi.

Kwanza hakikisha ni bushi

Mlio wa "kong" kwenye tuta unaweza kutoka kwenye boljointi au rodi ya stabilaiza. Usivunje kitu kabla hujapima.

1. Inua gari, liweke juu ya stendi, tairi zining'inie.
2. Chomeka mtarimbo kati ya amu na krosmemba, karibu na bushi.
3. Sukuma polepole. Bushi nzima husogea kidogo kwa ugumu, kisha hurudi. Iliyokufa huruka, au utaona raba imeachana na chuma.
4. Rudia upande wa pili ulinganishe.

Nyufa ndogo za juu juu si kifo. Raba iliyochanika hadi ndani, iliyong'oka kwenye chuma, au iliyosogea hadi bomba la ndani halipo katikati tena, hiyo haina mjadala. Dalili nyingine ni tairi kuliwa upande mmoja, na gari kuvuta upande unapofunga breki.

Kabla ya kwenda mbali, uliza dukani bei ya amu nzima mpya yenye bushi na boljointi. Kwa magari mengi madogo, ukijumlisha bushi mbili, boljointi na hela ya presi, tofauti ni ndogo na amu nzima inakuokolea siku. Kubadilisha bushi peke yake kunalipa zaidi pale ambapo amu ya asili ni nzito na nzuri, na amu za dukani ni bati jepesi la kuigiza.

> VIFAA
> - Jeki, stendi mbili imara, vizuizi vya tairi
> - Soketi na spana zenye mkono mrefu
> - Mafuta ya kulegeza kutu
> - Brashi ya waya, msasa, tupa ya nusu duara
> - Nyundo nzito, tindo, msumeno wa chuma na bledi za meno madogo
> - Drili na biti za milimita 4 hadi 6
> - Rodi yenye nyuzi ya M12 (iliyopigwa chapa 8.8 au 10.9), nati zake na washa nene
> - Vipande vya bomba la chuma na soketi kubwa kuukuu
> - Miwani ya kukinga macho, glavu ngumu
> - Rangi ya alama, na simu ya kupigia picha
> - Bushi mpya, mkononi, kabla hujaanza

Hiyo ya mwisho si mapambo. Bushi mpya ndiyo kipimo chako cha ukubwa wa tundu, na itakuonyesha kama yako ina ganda la nje au haina. Ukiifungua kazi kisha ukaambiwa dukani wameleta ya modeli nyingine, gari litakaa juu ya stendi hadi Jumatatu.

Kutoa amu garini

Sehemu tambarare, breki ya mkono imepandishwa, vizuizi nyuma ya tairi za nyuma. Gari linakaa juu ya stendi, si juu ya jeki. Tofali halifai hata kidogo: likipasuka halitoi onyo. Kabla ya kuingiza mkono chini, sukuma gari kwa bega. Likitikisika juu ya stendi, panga upya.

1. Siku moja kabla, nyunyizia bolti zote mafuta ya kulegeza kutu. Rudia asubuhi.
2. Legeza nati za tairi gari likiwa chini, kisha inua, weka stendi, toa tairi.
3. Achanisha boljointi. Kwenye Corolla nyingi boljointi imefungwa kwenye amu kwa bolti moja na nati mbili, kwa hiyo huna haja ya kuigonga boljointi yenyewe. Fungua hizo tatu, amu inashuka.
4. Fungua bolti za bushi. Mara nyingi nati imechomelewa ndani ya krosmemba: zungusha bolti, usihangaike na nati.
5. Bolti ikizunguka lakini haitoki, imeshikana na bomba la ndani la bushi, na unachozungusha ni raba. Nyunyizia tena, izungushe mbele na nyuma, igonge kichwa. Ikikataa kabisa, ikate kati ya bushi na krosmemba, uweke bolti mpya ya daraja lilelile.

Jambo moja la kukagua kabla ya yote: kwenye baadhi ya magari ya gia otomatiki, bolti ya mbele ya upande wa kushoto haiwezi kutoka kwa sababu inagonga giaboksi. Hapo inabidi kushusha krosmemba au kuinua injini kidogo. Lala chini uitazame njia ya bolti hiyo kwa tochi. Kama haipo, hiyo ni kazi ya gereji.

Weka alama, kisha weka alama tena

Bushi ya nyuma ya amu mara nyingi si raba iliyojaa. Ina mianya miwili kama miezi mwandamo inayotazamana. Mianya hiyo imewekwa makusudi: upande wenye mwanya ni laini, upande uliojaa ni mgumu, na mtengenezaji amechagua upande upi ulegee unapopita kwenye shimo na upi usilegee unapokata kona. Bushi ikiingizwa kwa kuzungushwa vibaya itachanika mapema, na gari halitatulia barabarani.

- Piga picha bushi ikiwa ndani ya amu, mbele na nyuma.
- Chora mstari wa rangi kwenye amu ukilenga katikati ya mwanya mmoja.
- Pima ganda limechomoza kiasi gani kila upande, uandike.
- Tazama kama ganda lina ukingo uliopinda kwa nje. Ukiuona, bushi hutoka kwa kuelekea upande wa ukingo huo tu. Ukisukuma kinyume, unasukuma amu.

Tafuta ganda la nje

Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika, kwa hiyo tusiharakishe.

Mtu anatoboa raba, anaichokonoa, bomba la ndani linatoka, na mbele yake kuna duara safi la chuma. Anafurahi, anachukua bushi mpya, haiingii. Anaongeza nyundo. Inaingia nusu, imepinda, na midomo ya tundu imefunguka. Hakujua kwamba duara lile ni ganda la bushi kuukuu, bado limo ndani.

Sugua ukingo wa tundu kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, kisha mulika kwa tochi kutoka pembeni. Utauona mstari mwembamba wa duara, mara nyingi wenye kutu nyekundu, unaotenganisha ganda na amu. Kilicho ndani ya mstari huo chote kinatoka, na kilicho nje yake usikiguse. Usipouona mstari, pima. Ikiwa tundu ni dogo kuliko bushi mpya kwa milimita 3 au 4, ganda bado limo. Ikiwa tofauti ni ya unywele tu, umefika kwenye tundu lenyewe.

Zipo pia bushi zisizo na ganda. Za sheko za springi kwenye pikapu nyingi za zamani ni raba tupu, vipande viwili vinavyokutana katikati. Fungua sheko, chomeka bisibisi pana, zivute. Haihitaji presi wala hasira.

Njia nne, kuanzia ya upole

*Presi.* Ikiwa karibu nawe kuna gereji yenye presi ya haidroliki, peleka amu huko ukiwa umeishika mkononi. Ni dakika chache na gharama ndogo. Lakini simama uangalie mambo mawili. Mdomo wa tundu ukalie bomba nene, amu isining'inie hewani. Na kama amu ni ya bati lililokunjwa, yenye nafasi kati ya kuta zake mbili, kiwekwe kipande cha chuma cha kujaza nafasi hiyo, la sivyo presi itazikunja kuta kabla ganda halijasogea. Fundi mzuri hatakasirika ukimkumbusha.

*Rodi yenye nyuzi.* Hii ndiyo presi ya nyumbani, na kwa bushi ndogo ya mbele inatosha mara nyingi.

1. Pitisha rodi kwenye bomba la ndani la bushi.
2. Upande ambako bushi itatokea, weka kipande cha bomba kipana kuliko bushi, kikae kwenye mdomo wa amu. Hicho ni kipokezi.
3. Upande wa pili, weka soketi iliyo ndogo kidogo kuliko ganda la nje. Hicho ni kisukumio, na lazima kikanyage ganda. Kikikanyaga raba, utang'oa katikati na kuliacha ganda.
4. Weka washa nene na nati pande zote. Paka grisi kwenye nyuzi.
5. Kaza polepole huku ukihakikisha kila kitu kimenyooka. Usiweke uso usawa wa rodi.
6. Kutu ikiachia utasikia mlio mkavu, "pa!", na nati italegea mkononi. Endelea kukaza hadi bushi iangukie ndani ya kipokezi.

Rodi laini ya dukani isiyo na chapa ya daraja hurefuka na nyuzi zake huliwa. Ikianza kujipinda, acha. Nyunyizia mafuta kwenye ule mstari wa duara, igonge amu kuzunguka mdomo kwa nyundo ya wastani huku rodi ikiwa imekazwa, subiri, jaribu tena. Mtetemo hufanya kazi ambayo nguvu haifanyi.

*Kutoboa raba.* Ganda likigoma, punguza bushi. Funga amu kwenye jiliwa. Toboa matundu mengi kwenye raba kuzunguka bomba la ndani kwa biti ya milimita 5, mwendo wa chini, ukidondoshea maji ya sabuni. Raba hushika biti ghafla na kuzungusha kitu kizima, kwa hiyo usiishike amu kwa mkono. Matundu yakikaribiana, sukuma bomba la ndani kwa nyundo na chuma cha duara, kisha kata raba iliyobaki kwa kisu. Sasa ganda liko peke yake.

*Msumeno.* Hii ni ya polepole kuliko zote na ndiyo ninayoiamini zaidi pale ambapo presi haipo.

1. Fungua bledi kwenye fremu ya msumeno, ipitishe ndani ya tundu, uifunge tena.
2. Kata ganda kutoka ndani kwenda nje, kwa urefu wake wote, ukiegemea kidogo tu.
3. Kagua kila mara. Chini ya mkato ukianza kuona mstari wa kutu na vumbi jekundu likichanganyika na lile la kung'aa, umelimaliza ganda. Acha hapo.
4. Angalia miisho yote miwili. Mkono hupenda kukata zaidi upande wa mbele.
5. Kata mkato wa pili sentimita moja au mbili pembeni.
6. Ingiza tindo kwenye ukingo wa kipande kilicho kati ya mikato miwili, ukikikunja kuelekea katikati ya tundu. Kikitoka, ganda lote hupoteza mbano, na mapigo machache hulitoa.

Mkwaruzo mwepesi ndani ya tundu si tatizo. Mfereji wenye kina ndio hatari, maana nyufa huanzia hapo. Grenda naiweka mbali na kazi hii. Ni ya haraka mno: kabla hujaona mstari wa kutu, diski imeshaingia kwenye amu.

> ONYO: MOTO
> Kuchoma bushi kwa gesi au kuitupa kwenye makaa ni kawaida kando ya barabara nyingi. Usifanye.
> - Moshi wa raba una kaboni monoksidi na gesi za salfa. Nje au ndani, unauvuta.
> - Raba inayowaka hurusha vipande, na bomba la ndani linaweza kufyatuka.
> - Baadhi ya bushi za magari ya kifahari zina kimiminika ndani. Zikipashwa moto hupasuka.
> - Kava ya boljointi huungua na grisi yake huyeyuka.
> - Amu ya alumini hudhoofika kwa joto bila kubadilika rangi, na hutaona dalili yoyote. Jaribu kwa sumaku: isiponasa, moto ni mwiko kabisa.

Na hata tuweke hatari pembeni, moto unaondoa raba tu. Raba haikuwa tatizo kamwe. Ganda lenye kutu bado limekaa palepale, tena sasa limekaangwa.

Kabla bushi mpya haijagusa amu

Safisha tundu kwa brashi ya waya na msasa hadi kidole kipite bila kukwama. Tupa ni ya vinundu tu, usilipanue duara. Kagua mambo matatu: nyufa kwenye mdomo, hasa karibu na mshono wa kuchomelea, kama duara bado ni duara, kwa kupima kipenyo wima na mlalo, na kama kuta za amu hazikukunjwa. Amu yenye ufa haichomelewi, inabadilishwa. Kuna mafundi watakaokwambia vinginevyo, lakini amu ndiyo inayoishika tairi isilale.

Bushi mpya iingie kwa presi au kwa rodi ileile, ikikanyagwa kwenye ganda, ikifuata alama zako. Ulainishaji ni maji ya sabuni. Grisi na oili huila raba ya kawaida polepole, na ukipaka leo utaona matokeo baada ya miezi.

> YANAYOHARIBU KAZI IKIWA INAISHA
> - Kugonga bushi mpya katikati, kwenye bomba la ndani
> - Kubadilisha upande mmoja na kuacha wa pili uliozeeka pamoja nao
> - Kurudisha bolti yenye kutu nene au shingo nyembamba
> - Kukaza bolti za bushi tairi zikiwa zinaning'inia

Hilo la mwisho linaua bushi nyingi kuliko barabara mbovu. Kumbuka kwamba bomba la ndani halizunguki bolti ikishakazwa. Ukikaza amu ikiwa imening'inia, raba inaona huko chini ndiko nyumbani. Gari likishuka, raba inabaki imejipinda siku nzima hata likiwa limeegeshwa, na itachanika mapema. Basi fanya hivi: rudisha amu, kaza bolti za boljointi kikamilifu, lakini za bushi zikaze kwa mkono tu. Weka jeki chini ya upande wa boljointi, inua hadi gari lianze kuachana na stendi kidogo, yaani amu ibebe uzito wake wa kawaida. Hapo ndipo ukaze za bushi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha gari lako. Kama una shimo la gereji, shusha gari juu ya tairi zake na ukaze kutokea chini.

Endesha taratibu, ufunge breki mara kadhaa sehemu salama, usikilize. Kisha peleka gari kufanyiwa alaimenti hata kama usukani unaonekana umenyooka, kwa sababu amu imehama mahali pake, ingawa kidogo. Baada ya siku chache za matumizi ya kawaida, rudi chini na spana ukague bolti zote ulizozigusa, na zile za boljointi uzianze kwanza.